Bibi Aliyevuka Mpaka Uliofungwa

Wasikilizaji wangu mlioko Muheza mjini na Ngomeni, mlioko Amani penye baridi na mlioko Mkinga kwenye joto la pwani, jambo nililokuja nalo jioni hii si la kusemwa mbio mbio.

Mtakumbuka kwamba katika mazungumzo yetu yaliyopita tuliigusa nchi ya Korea, ambayo mwaka 1945, Wajapani walipokwisha kushindwa vitani, ilikatwa na mataifa makubwa kwa mstari wa nyuzi 38, kama fundi akatavyo kitambaa cha nguo ambayo hataivaa yeye. Na katika kueleza habari hizo nikamtaja bibi mmoja, Ho Jong-suk, binti wa wakili, mwandishi wa magazeti katika mji wa Seoul, mfungwa wa Wajapani, ambaye baada ya kuzunguka sana katika nchi ya China alijifunga na upande wa kaskazini, akafanywa waziri wa utamaduni mwaka 1948. Siku ya pili yake nilikuwa sokoni natafuta machungwa, na muuzaji mmoja, mtu mzima mwenye staha zake, huku akinihesabia mafungu, akaniinamia akasema: "Mwalimu, yule bibi wa Kikorea uliyemtaja redioni, ni shujaa au ni haini?" Nikacheka, nikalipa, nikashika njia yangu. Lakini swali lile halikubaki sokoni. Lilinifuata mpaka barazani kwangu, likakaa nami usiku kucha, nami nikaona kwamba mtu aliyeuliza hakuuliza mzaha, kwa sababu hata huko kwao Wakorea wameulizana hilo hilo kwa ukali, hadi vitabu vya waandishi waliovuka kwenda kaskazini vikapigwa marufuku kusini na kufunguliwa mwaka 1988 tu, kana kwamba mtu akivuka mstari basi na kila sentensi aliyopata kuiandika imevuka pamoja naye.

Lugha yetu hii, iliyofunzwa na bahari na misafara, haina neno moja kwa mtu wa namna hiyo. Inayo mengi, na kila neno limebeba hukumu yake tumboni. Liko neno mtoro, nalo ni neno la bwana, la yule aliyeamka asubuhi akakuta mali yake imekwenda kwa miguu yake yenyewe. Lakini watoro wenyewe, wale waliojenga kijiji cha Fuladoyo nyuma ya pwani ya Kenya katika karne ya kumi na tisa, wakalima na kuoa na kuzaa huko, hawakujiona mali iliyopotea, walijiona watu waliopatikana. Liko neno mkimbizi, ambalo ni neno la ofisi, la karani mwenye daftari anayetaka jina la baba na tarehe ya kuingia. Liko neno muhajiri, nalo ni neno la dini, lenye heshima kupita yote, maana kuhama kwa Mtume kutoka Makka kwenda Madina ndiko kulikofanywa mwanzo wa kuhesabu miaka. Na liko haini, ambalo ni neno la mahakama na la mikutano ya hadhara. Mtu ni yule yule, na miguu ni ile ile; kinachobadilika ni kinywa cha msimulizi, na mahali alipoketi anaposimulia.

Basi nikasema na nafsi yangu kwamba sitamjibu yule bwana kwa kisa cha Korea, ambako si mimi wala si yeye aliyepata kufika, bali kwa kisa cha jirani yetu wa karibu, mwanamke aliyeukimbia utawala wa nchi yake akaingia katika nchi hii yetu, wakati ambapo mpaka baina ya nchi hizo mbili ulikuwa umefungwa. Jina lake ni Philomena Chelagat Mutai, aliyekuwa mbunge wa Eldoret Kaskazini katika Kenya, naye nimemchagua kwa sababu mbili: ya kwanza ni huo mpaka wenyewe, ambao ni mpaka wetu, na ya pili ni mkonge.

Nianze na mkonge, maana sisi watu wa huku tukilisikia neno hilo hatuhitaji kufasiriwa. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Daktari Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida huko Marekani, na miche hiyo ilipokwisha kusafiri baharini na kufika Kikokwe, ng'ambo ya mto Pangani, iliyobaki hai ilikuwa 62 tu. Na hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yaliyoijaza nchi toka Tanga hata Korogwe na kuendelea, ikawaleta manamba kutoka Kigoma na Songea na Njombe, ikawatia vipande mikononi, ikawajengea kambi, na ikaufanya mlio wa mashine ya korona kuwa saa ya watoto waliozaliwa pale. Wako miongoni mwenu mnaonisikiliza ambao damu zenu zilikutana katika kambi hizo, na ambao bila mkonge msingalizaliwa. Kwa hiyo swali la kwamba mkonge ni wa nani, na ardhi iliyo chini ya mkonge ni ya nani, si geni kwetu. Hapa kwetu lilijibiwa na serikali mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yalipotaifishwa. Lilijibiwa vema au lilijibiwa vibaya, hilo tuliache, maana wapo walioyaona mashamba hayo baadaye yakigeuka msitu wa nguruwe, nao wana maneno yao.

Katika Kenya swali hilo hilo halikujibiwa kwa amri, lilijibiwa kwa fedha. Nyanda za juu za Uasin Gishu na vilima vya Nandi, ambazo walowezi wa Kizungu walizitwaa kwa nguvu ya dola yao, ziliuzwa baada ya uhuru kwa anayeweza kununua. Na anayeweza kununua aghalabu hakuwa yule mchungaji ambaye babu yake alifukuzwa hapo, bali mwenye cheo, au rafiki wa mwenye cheo, au kampuni iliyokusanya fedha za watu wengi na kuongozwa na wachache. Mwaka 1969 mbunge wa Tinderet, Jean-Marie Seroney, mwanasheria na mtu wa maneno makali, alitoa pamoja na wenzake lile lililokuja kuitwa Tamko la Nandi Hills, wakidai ardhi ya Wanandi kwa Wanandi. Naweza kusema, bila kumvunjia heshima marehemu, kwamba dai la namna hiyo lina makali pande mbili kama upanga, kwa kuwa ardhi ikisha kudaiwa kwa kabila, yule maskini wa kabila jingine aliyekinunua kipande chake kwa jasho naye hana pa kwenda, na Kenya imeyaonja makali hayo zaidi ya mara moja. Lakini dhuluma iliyolizaa dai hilo ilikuwa ya kweli. Na katika kivuli cha huyo Seroney ndimo alimokulia kisiasa binti tunayemzungumza.

Chelagat alikuwa Mnandi, aliyezaliwa mwaka 1949, akasoma hadi Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako hakuwa msichana wa kukaa kimya nyuma ya darasa. Ulipofika uchaguzi wa Oktoba 1974 alisimama Eldoret Kaskazini, hajatimiza miaka 26, hana mume wa kumtangulia wala mali ya kutapanya, akawashinda wanaume waliokuwa na vyote viwili. Wanawake waliochaguliwa na wananchi mwaka huo katika nchi nzima walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja: Grace Onyango wa Kisumu, ambaye alikwisha kutangulia toka 1969, Julia Ojiambo, Nyiva Mwendwa, na huyu kijana wetu. Nasema kijana kwa kusudi. Sisi wazee tumezoea kumwambia kijana asubiri zamu yake, na mwanamke kijana tukamwambia asubiri mara mbili.

Bunge aliloingia halikuwa pahala pa starehe. Mwezi wa Machi 1975 mbunge mwenzao, J. M. Kariuki, aliyekuwa akisema hadharani juu ya matajiri na maskini wa Kenya, aliuawa, na mwili wake ukaonekana katika vilima vya Ngong. Bunge likaunda kamati ya kuchunguza, na wabunge vijana wakasema yale ambayo hayakupaswa kusemwa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Seroney, aliyekuwa Naibu wa Spika, pamoja na Martin Shikuku, walikamatwa katika viwanja vya Bunge lenyewe na kuwekwa kizuizini, kwa kosa la kuzungumza kwamba chama cha KANU kimekwisha kufa. Si jambo dogo hilo. Bunge ni majlisi, na majlisi ina amani yake toka zama za wazee, na mtu akikamatwa kwenye kizingiti cha majlisi, waliobaki ndani hukaa lakini hawajui tena wamekaa juu ya nini.

Ndipo mkonge ukaingia. Katika jimbo la Chelagat lilikuwako shamba la mkonge lililoitwa Ziwa, na wananchi walioishi kandokando yake, walioliona kuwa ardhi ya wazee wao, waliliingia. Mbunge wao akashitakiwa kwamba yeye ndiye aliyewachochea kufanya fujo, na mwaka 1976 mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu. Nawaomba mtulie kidogo hapa, ninyi mliowahi kukata mkonge, mnaoujua ule mwiba wa ncha unavyochoma na ule utomvu unavyowasha ngozi mpaka jioni: mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mjumbe wa Bunge la Jamhuri, anatiwa gerezani kwa ajili ya shamba la mkonge. Katika mkoa wetu huu watu wengi wamefungwa kwa ajili ya mkonge, wengine kwa kutoroka mkataba, wengine kwa migomo ya zama za Mwingereza. Lakini sikumbuki mbunge.

Alitoka mwaka 1978, mwaka ambao Mzee Kenyatta alifariki dunia Mombasa tarehe 22 Agosti na Daniel arap Moi akashika hatamu, akawafungua mahabusu wa siasa mwishoni mwa mwaka, watu wakadhani kumekucha. Na uchaguzi wa Novemba 1979 ulipofika, wananchi wa Eldoret Kaskazini walifanya jambo ambalo ndilo kiini cha mazungumzo yangu yote ya jioni hii, nalo ni kwamba walimrudisha. Hawakuona haya kwamba mjumbe wao amevaa sare ya jela. Waliiona jela ile kuwa ni yao. Miaka miwili na nusu alikuwa nyuma ya ukuta, hakuwafikishia barabara wala kisima, hakuhudhuria harusi zao wala matanga yao, na bado uzi uliowaunganisha haukukatika.

Katika Bunge hilo la pili walikuwamo wabunge vijana wenye msimamo wa kushoto ambao Charles Njonjo, bwana mkubwa wa sheria na mvaaji wa suti za Kiingereza, aliwabandika jina la dada saba wenye ndevu, wakiwamo James Orengo, Koigi wa Wamwere, na wa pwani wenzetu, Mwashengu wa Mwachofi wa Taita na Chibule wa Tsuma. Chelagat mwenyewe mara nyingi huhesabiwa miongoni mwao, mwanamke peke yake. Mimi huwa nacheka kila nikilikumbuka jina hilo, kwa kuwa bwana yule alidhani amewatukana wanaume kwa kuwaita dada, hali dada wa kweli, asiye na ndevu hata moja, alikuwa amekaa humo humo Bungeni na amekwisha kumaliza kifungo kirefu kuliko vifungo vya wengi wao.

Mwaka 1981 alishitakiwa tena. Safari hii hapakuwa na mkonge wala ardhi wala umati wa watu. Palikuwa na karatasi za hesabu. Alishitakiwa kwamba alitoa madai ya uongo ya posho ya safari, yaani maili za gari alizodai kulipwa hazikulingana na maili alizokwenda. Mimi si kadhi wa kesi hiyo, wala sitasimama hapa kuapa juu ya maili za gari la mtu. Nitasema tu lile ambalo kila mtu mzima analijua, kwamba mtawala akitaka kumfunga mtu kwa maneno yake humfanya shujaa, lakini akimfunga kwa risiti humfanya mwizi, na watu watakaomwendea shujaa gerezani na chakula hawatamwendea mwizi. Chelagat alizijua jela za Kenya kwa ndani. Hakungoja kuzijua mara ya pili. Akavuka akaingia Tanzania.

Na sasa tumefika kwenye mpaka, nami hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni mlangoni petu. Mstari huo ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, wakaanzia kwenye mlango wa mto Umba, pale karibu na Vanga, wakaupitisha hadi ziwa Jipe, wakauzungusha mlima Kilimanjaro, wakaumalizia kwenye ziwa kuu la Nyanza. Hawakumwuliza Mdigo wala Msegeju, ambaye asubuhi alikuwa mtu mmoja na jioni akawa wawili. Kwa vijana wasiojua, Mkinga ilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Muheza, wilaya yetu ilifika Horohoro, yaani mpaka wa Kenya ulikuwa mpaka wa Muheza. Mama yangu mzazi ni Mdigo wa huko Duga, na nusu ya watu wake wako Lunga Lunga. Kwetu sisi Kenya haikuwa nchi ya kigeni, ilikuwa kwa mjomba.

Mwezi wa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inakata roho na ugomvi wa shirika la ndege umepamba moto, serikali yetu iliufunga mpaka huo, ukafungwa miaka sita na miezi kadhaa. Magazeti ya Nairobi na ya Dar es Salaam yalitupiana maneno. Sisi tukasema kwao ni mtu kula mtu, wao wakasema kwetu mtu hana cha kula. Na kwa kweli, mwaka ule wa 1981, baada ya vita vya Uganda, sabuni ilikuwa adimu Tanga, na sukari ilisimuliwa kama hekaya. Mjomba wangu mmoja alifariki Lunga Lunga katika miaka hiyo, nasi tukaenda matangani usiku kwa njia za panya, akina mama wamebeba viatu mikononi, na kabla ya alfajiri ya tatu tukarudi na vipande vya sabuni vilivyofungwa ndani ya kanga. Sijui sheria ingetuita nini. Waliotuona njiani walituita wafiwa.

Kwa hiyo nawaomba muelewe ajabu ya safari ya Chelagat. Watu wa huku walikuwa wakivuka kwenda kule kufuata sabuni, naye akavuka kutoka kule kuja huku kufuata salama. Nchi isiyokuwa na sukari ilikuwa na kitu ambacho nchi yenye sukari ilimnyima, ingawa, ili tuwe na insafu, nchi yetu nayo ilikuwa na watu wake waliopita njia hiyo hiyo kinyume chake. Oscar Kambona, aliyekuwa waziri na katibu mkuu wa TANU, aliondoka nchini Julai 1967 kwa gari hadi Nairobi, kisha akenda London, asirudi ila mwaka 1992. Bibi Titi Mohamed, mama wa uhuru wetu, ambaye hakuvuka, alikamatwa mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini pamoja na wengine, akasamehewa mwaka 1972. Na kutoka Uganda, Elizabeth Bagaaya, binti wa mfalme wa Toro, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Idi Amin mwaka 1974 kisha akafukuzwa kwa aibu, alivuka kwa siri mwaka 1975 kuingia Kenya, ile Kenya ambayo miaka sita baadaye Chelagat aliikimbia. Nchi zetu hizi tatu zilikuwa kama nyumba tatu za mtaa mmoja: mtoto akichapwa hapa hukimbilia pale, na mwenye nyumba ile humpa maji na kusema maneno juu ya jirani, hali nyuma ya ukuta wake mwenyewe yuko mwingine analia.

Hapo ndipo ninapomrudia yule bwana wa machungwa. Ukiniuliza kama aliyevuka ni shujaa au haini, naona umeniuliza kwa maneno ya wale wenye mpaka. Mimi naliangalia jambo kwa upande wa mbunge mwenyewe, na kwa upande wa waliompigia kura. Mbunge hana jembe wala nyavu wala duka. Mtaji wake ni ulimi, na ulimi wake una thamani mahali pamoja tu duniani, yaani mbele ya watu waliomtuma na mbele ya serikali inayowatawala watu hao. Gerezani, ulimi huo hufungwa lakini haufi, kwa kuwa watu wanalijua lango, wanaihesabu miaka, na mfungwa, hata akiwa kimya, anasema kwa kule kuwapo kwake pale. Ukisha kuvuka, mwili husalimika, nao mwili ni amana wala hapana wa kumlaumu mtu kwa kuuokoa. Lakini ulimi hubaki nyuma. Mfungwa ana watu wake. Mkimbizi ana wenyeji wake. Na wenyeji, hata wawe wakarimu kama tulivyosifiwa Watanzania, tuliowakaribisha wapigania uhuru wa kusini na kuwapa wale wa Afrika Kusini ardhi ya Mazimbu, Morogoro, humpa mgeni mkeka na chakula na hifadhi, lakini hawampi jimbo. Jela haikumnyang'anya Chelagat kiti chake milele, maana wananchi walimrudishia. Mpaka ulimnyang'anya. Baada ya 1981 hakuingia tena katika Bunge la Kenya mpaka alipokufa.

Na hifadhi yenyewe ina mashaka yake. Mwezi wa Juni 1982 Kenya ilijifanya kwa sheria kuwa nchi ya chama kimoja. Tarehe 1 Agosti askari wa jeshi la anga wakajaribu kuipindua serikali, wakashindwa, na wawili miongoni mwao, Hezekiah Ochuka pamoja na Pancras Okumu, wakarukia Dar es Salaam kwa ndege, wakapewa hifadhi kama walivyopewa wengine. Kisha mwezi wa Novemba 1983 marais Moi, Nyerere na Obote walikutana Arusha, mali ya Jumuiya iliyokufa ikakubaliwa kugawanywa kama mirathi, mpaka ukafunguliwa, na sisi watu wa huku tukashangilia kwa haki, tukaenda Lunga Lunga mchana kweupe tumevaa viatu. Katika siku hizo hizo za furaha Tanzania iliwakabidhi Ochuka na Okumu kwa Kenya, na Kenya nayo ikawakabidhi Watanzania waliotuhumiwa kupanga kumpindua Mwalimu Nyerere. Wanajeshi wale wawili baadaye walinyongwa. Nawaombeni mjaribu kuipima hali ya mkimbizi yeyote wa Kenya aliyekuwa katika nchi hii wiki ile, akisikiliza redio katika chumba cha kupanga, anasikia ngoma za kufunguliwa mpaka, na anajua kwamba mlango uliofunguliwa ili shangazi yangu apite na kapu lake ni mlango ule ule anaoweza kupitishwa yeye akiwa na pingu. Mimi nilicheza ngoma hizo. Sikuwaza habari hizi hata kidogo. Nilikuwa nawaza sukari.

Chelagat alirudi Kenya mwaka 1984. Yaliyofuata hayana mengi ya kusimulia, na huko kukosa cha kusimulia ndiko kunakonisikitisha. Wanaume wa kundi lile, wale dada wenye ndevu, waliopona vizuizi na mahakama walirudi katika siasa milango ya vyama vingi ilipofunguliwa, na Orengo akapanda hadi uwaziri, useneta na ugavana. Yeye hakurudi. Mwaka 2006 alipata ajali ya barabarani iliyomvunja mwili, akaishi miaka yake ya mwisho katika maumivu na katika uhaba, akitajwa magazetini mara moja moja, pale mwandishi alipokumbuka kwamba yuko hai. Alifariki Julai 2013, na viongozi wa nchi wakamwagia sifa ambazo, laiti zingalikuwa mafuta ya taa, zingaliwasha taa ya nyumba yake kwa miaka mingi.

Muda wangu unakwisha, kijana wa mitambo ananionyesha mkono. Nimalizie kwa jambo dogo lililonipata mwezi uliopita nilipokuwa nakwenda Lunga Lunga kwenye arusi ya mjukuu wa yule mjomba. Siku hizi pale Horohoro maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja, na foleni ya malori ya machungwa yetu yanayokwenda Mombasa ilikuwa ndefu, jua kali, nasi tumesimama dirishani tunangoja kugongewa mihuri. Ofisa aliyenihudumia alikuwa kijana mpole sana, akaniamkia "shikamoo babu", akaniuliza nakwenda kukaa siku ngapi. Kwa kuwa nilikuwa nimelibeba jambo hili kichwani kwa majuma mawili, nikamwuliza kama amepata kulisikia jina la Chelagat Mutai, bibi aliyevuka mpaka huu wa nchi zetu mbili zamani. Akaacha kuandika, akainua macho, akatazama nyuma yangu kwenye mstari, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa kama huyo bibi ni abiria wa basi letu, na kama karatasi zake zimekamilika.